Gambuti Chini ya Tiara

Kwa miaka kumi na mmoja sikuwahi kumtazama baba mkwe wangu usoni, na katika ukoo wa mume wangu hiyo ndiyo ilikuwa sifa yangu kubwa. Si kwamba tuligombana. Mume wangu ni Mnyakyusa wa Rungwe, na kwao mke wa mtoto hakai chumba kimoja na baba mkwe, hampi mkono, hali naye, na wakikutana njiani mwanamke anaacha njia, anageuza uso na kuchuchumaa mpaka mzee apite. Familia nyingi za mjini zimeshaacha. Ya mume wangu haijaacha. Mimi ni mtu wa Mufindi, nimekulia Mafinga kwenye vumbi la mbao, ambako baba yangu aliwasalimia wake za kaka zangu kwa mkono na kuwatania juu ya ugali wao. Nilipoelezwa masharti ya ukweni nilicheka, shangazi yangu akanifinya.

Kwa miaka tisa mambo yalikuwa mepesi, kwa sababu mzee alikuwa kwake Rungwe na sisi tuko Ilomba, hapa Mbeya mjini. Kuchuchumaa mara mbili kwa mwaka, Krismasi na wakati wa msiba, hakujamuua mtu. Kisha mama mkwe akafariki. Mwaka mmoja baadaye, wakati wa baridi, mzee alishikwa na nimonia akalala siku mbili ndani peke yake kabla jirani hajagundua kwamba moshi hautoki jikoni kwake. Mume wangu alimfuata siku hiyohiyo, akamtoa hospitali wiki iliyofuata, akamleta kwetu na kitanda chake cha mninga, redio yake, na gambuti za kijani ambazo alizivaa jua na mvua.

Nyumba yetu ina vyumba vitatu na korido moja. Korido moja! Asubuhi mzee anakwenda chooni, mimi nakwenda jikoni. Tukajitungia kanuni bila kukaa kikao. Yeye alikohoa kabla ya kufungua mlango, mimi niligonga sufuria kwa mwiko. Akikohoa nikiwa koridoni nilikimbilia chumba cha karibu, na siku moja chumba cha karibu kilikuwa stoo, nikakaa humo dakika ishirini kati ya magunia ya viazi kwa sababu mzee alisimama kusoma kalenda ukutani. Akitaka kusema nami, alisema na redio. "Redio, waambie wenye nyumba chai ya leo imenoga." "Redio, geti halikufungwa." Nami nilijibu kwa kumwambia paka.

Ukimsimulia mtu, anacheka. Ukiishi hivyo mwaka mzima, unachoka. Mimi ni mwalimu wa hisabati, nina sauti inayofika darasa la tatu kutoka langu, na nyumbani kwangu nilikuwa naishi kwa kunyata. Jumapili moja ya Juni nilikuwa uani nafua, simu nimeibana begani, naongea na mama yangu aliyeko Nyololo. Nikamwambia, "Mama, nimechoka kuishi kama mwizi ndani ya nyumba yangu mwenyewe." Nilipoinua kichwa, dirisha la mzee lilikuwa wazi, na redio ilikuwa imezimwa.

Jioni ile alimwambia mwanawe kwamba mwisho wa Agosti atarudi kwake. Hakunitaja. Alisema tu kwamba nyumba isiyokaliwa inaliwa na mchwa. Mume wangu akaniuliza chumbani kama kuna jambo. Nikasema hakuna, halafu nikalia, halafu nikamweleza yote. Alishika kichwa. "Baba akishasema, amesema," akaniambia. Alijaribu kumbembeleza mara mbili na mara zote mbili mzee alimjibu kuhusu mchwa.

Nilijua maana ya kurudi kwake. Chumba chenye unyevu, mvua ya Rungwe isiyojua likizo, na jirani wa kutazama kama moshi unatoka. Mimi ndiye niliyemfukuza, kwa sentensi moja, na beseni la nguo mbele yangu. Nilitamani kumwomba radhi na sikuwa na njia. Nimtume mume? Mzee angejibu mchwa. Nimwambie paka? Maji yakimwagika hayazoleki, na haya nilikuwa nimeyamwagia dirishani kwake.

Wiki hiyohiyo shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alikuja likizo kutoka pwani, ambako kazi yake ni kuwafundisha watalii kuteleza juu ya maji wakivutwa na tiara. Usifikirie tiara ya gazeti na vijiti tuliyochezea utotoni. Hii ilikuwa na mita kumi na mbili za mraba, kitambaa chekundu chenye viraka, na mbele yake upinde wa mpira unaojazwa upepo kwa pampu mpaka unakuwa mgumu kama gurudumu. Inashikwa kwa kamba nne nyembamba, kila moja mita ishirini na nne, zinazoishia kwenye kijiti anachokiita usukani, na usukani unanaswa kwenye ndoano ya mkanda mpana unaofungwa kiunoni. Mkanda wake haukunitosha. Tuliongeza kipande cha mkanda wa siti ya gari.

"Maji baadaye," shemeji alisema. "Desemba tunashuka wote Matema, ziwani. Kwanza mjifunze kuikalisha angani."

Tulikwenda kwenye uwanja wa mpira wa shule ninayofundisha, kwa sababu ni mkubwa na hauna nguzo za umeme karibu. Upepo wa asubuhi wa Mbeya miezi ile ni mdogo, unakuja na kuondoka kama mkaguzi wa elimu. Shemeji alisema hiyo ndiyo bahati yetu. Upepo mkubwa hata gunia tupu linaruka. Ukimudu mdogo, mkubwa utakuwa mchezo.

Mume wangu alirusha mara mbili, akaridhika, akaenda kukaa. Majirani wawili walijaribu wakaangushwa. Ilipofika zamu yangu, kamba zilikaza, ile nyekundu ikapanda, na kitu kikanivuta kiunoni, kitu hai kabisa, nacho kinaniuliza swali. Visigino vyangu viliinuka kutoka kwenye majani. Mimi, mwenye kilo themanini na tisa na mitihani ya kidato cha pili mezani! Nilipiga ukelele uliowatoa watu nje ya kanisa la jirani. Tiara ilikaa juu labda sekunde sita kabla ya kuanguka, na tangu hapo nikawa mtu mwingine. Nilikuwa nasahihisha daftari huku mkono wangu wa kushoto unageuza usukani hewani.

Likizo ilipoisha shemeji aliniachia tiara. "Baki nayo, shem. Ila usirushe peke yako." Hiyo ilikuwa kanuni ya kwanza. Mmoja anaisimamisha tiara kwa ubavu, pembeni mwa upepo, na mwingine, mita ishirini na nne mbali, anakaza kamba na kuonyesha dole gumba. Mshikaji naye anaonyesha dole gumba, kisha anaachia. Harushi, anaachia tu. Na wakati wa kushuka unaileta taratibu pembeni, chini, naye anaidaka kwa mbele. Shemeji alisema kurusha peke yako unaweza kwa ujanja, lakini kushusha bila mtu wa kupokea ni kumjaribu Mungu.

Julai yote mume wangu alinishikia kila Jumamosi asubuhi, naye ni fundi umeme ambaye simu yake inalia kuliko ya mbunge. Mimi nilianguka. Yaani tiara ilianguka, lakini ukiwa umefungwa nayo kiunoni hutofautishi. Kosa langu lilikuwa moja, na nililirudia kwa bidii ya mwanafunzi bora. Upepo ukipungua, kamba zikilegea, mimi nilivuta usukani. Ikishuka zaidi, nilivuta zaidi. Tiara ilisimama angani ikitetemeka, ikaanza kurudi kinyumenyume, mkia mbele, kisha chini puu. Nilirekodi video nikamtumia shemeji. Akajibu kwa sauti, anacheka: "Shem, unainyonga! Legeza ipumue." Legeza? Kitu kinaanguka halafu nikilegeze? Akili yangu yote ya Mafinga ilikataa. Kwetu gogo likianza kuteleza, unavuta mnyororo.

Mzee alikuwa akijua. Kila asubuhi alitembea kwa ajili ya mapafu yake, kama daktari alivyomwagiza, na mwisho wa matembezi alikaa kwenye gogo nyuma ya goli la chini. Nilijua yupo. Nilimpa kisogo kwa heshima na kuendelea kuanguka.

Jumamosi ya kwanza ya Agosti mume wangu alikuwa ameshajaza tiara upepo na kuilaza, na mimi nimeshanasa usukani kwenye ndoano, simu yake ikalia. Mashine ya kusaga ya mtu imezima na wateja wamepanga foleni. Akasema dakika kumi. Dakika kumi za fundi umeme nazijua, nilizihesabu mpaka nusu saa. Upepo ukaja, mwororo, ule wenyewe, na mimi nimesimama peke yangu nimefungwa kamba kama mbuzi.

Halafu tiara ikainuka. Ilisimama vizuri kwa ubavu, upande sahihi, ikakunjua tumbo lake jekundu mbele yangu. Chini yake niliona gambuti mbili za kijani.

Sasa hapa ndipo mke mwema aliponiponza. Mtu yeyote angekaza kamba na kuinua dole. Mimi, nilipoona gambuti zile, miguu ilifanya ilichofundishwa miaka kumi na mmoja. Niligeuka, nikampa mzee kisogo, nikachuchumaa. Na kwa kuwa usukani ulikuwa mikononi, niliuvuta mpaka tumboni, kama mtu anayeficha mtoto. Mzee, nadhani, aliona kamba zimekaza akafikiri niko tayari. Akaachia.

Nilikwenda kwa matako. Nilipita duara la katikati kwa matako, nikapita eneo la penalti, viatu vinarusha vumbi, kitenge kimekwenda zake, nikasimama ndani ya goli la chini, nimekumbatia nguzo yake. Lilikuwa bao la kwanza la msimu. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba usukani huwa unaachiwa. Niliuachia, tiara ikalala.

Hakuweza kuja kuninyanyua. Sikuweza kumwomba. Nilipotazama kwa pembe ya jicho, mzee alikuwa amenigeuzia mgongo kwa adabu, kofia mkononi, na mabega yake yalikuwa yanatikisika. Nilidhani kikohozi kimerudi, nikaogopa. Kisha nikasikia. Alikuwa anacheka. Miaka kumi na mmoja, na sikujua kama mzee yule anacheka. Nikaanza na mimi, mule golini, tumepeana visogo, tunacheka kila mmoja na upande wake wa uwanja.

Jioni redio ilipata taarifa. "Redio," mzee alisema kutoka chumbani kwake, "mshika kamba hageuzi kisogo. Hata ng'ombe wa jembe ukimgeuzia kisogo anakutupa mtaroni." Akakohoa kidogo. "Jumamosi ijayo nitakuwa na nafasi."

Paka hakujibu. Nilikwenda nyuma ya nyumba, mbali kabisa na madirisha safari hii, nikampigia mama yangu.

"Kamwene, mama."

"Kamwene, mwanangu. Mbona unahema?"

Nikamweleza. Anataka kunishikia tiara. Nikitazama, nimevunja mila ya watu. Nisipotazama, nakwenda golini.

"Wamekukataza kumwangalia nani?"

"Baba mkwe."

"Hilo turubai ndiyo baba mkwe wako?"

"Hapana, mama."

"Basi angalia turubai. Unajimalizia muda wa maongezi bure."

Jumamosi iliyofuata mume wangu alijaza upepo akaondoka, kwa hiari yake, bila simu kulia. Nilinasa ndoano, nikashusha macho. Nilisubiri mpaka nilipohisi kamba zinaamka, ndipo nikainua uso, polepole, na mama yangu alikuwa sahihi kabisa. Mzee alikuwa amesimama nyuma ya tiara, na kile kitambaa kilimficha mwili wote. Nilichoona ni pazia jekundu, gambuti mbili chini yake, na pembeni dole gumba moja lenye ukucha mweusi, limenyooka. Mita ishirini na nne kati yetu na pazia juu yake! Shangazi zake wote wangekaa pale na daftari wasingepata kosa. Nikainua dole langu.

Aliachia vizuri kuliko mume wangu, na mume wangu anajua kwamba nasema hivi. Hakusukuma. Alifungua vidole tu, tiara ikatoka mkononi mwake ikapanda ukingo wa upepo kwa utulivu mpaka juu kabisa. Upepo ukapungua. Mimi nikavuta. Tiara ikatetemeka, mkia mbele, puu.

Mzee aliichukua akaisimamisha tena. Kabla ya kuonyesha dole, mkono wake ulitoka pembeni mwa pazia, kiganja kimeangalia chini, ukashuka taratibu mara mbili, kama mtu anayetuliza mtoto. Sikuelewa. Nikaanguka tena. Akaonyesha tena. Alionyesha mara tisa asubuhi ile, na mara zote tisa kwa upole uleule, hadi nikajisikia vibaya kwa wanafunzi wangu wote niliowauliza "kwani una nini kichwani?" baada ya mara ya pili.

Mara ya kumi nililegeza. Sikuamini, nililegeza kwa hasira tu, kumwonyesha mzee kwamba haitafaa. Niliuacha usukani uteleze mbele, tiara ikaacha kutetemeka, ikavuta pumzi, ikajirekebisha yenyewe. Kamba zilipolegea nilipiga hatua mbili nyuma, zikakaza. Niliigeuza kushoto kidogo, ikaenda ikijitafutia upepo, nikaigeuza kulia kabla haijafika chini, ikarudi. Kushoto, kulia, mchoro wa namba nane iliyolala, jinsi shemeji alivyokuwa akisema bila mimi kusikia. Katika upepo mdogo hukai kuisubiri tiara, unaitembeza ijitengenezee upepo wake. Na ukiona inakufa, unaiachia. Nilikaa nayo dakika nne. Nilikuwa naimba. Sijui nilikuwa naimba nini, nadhani ilikuwa jedwali la kuzidisha la saba.

Nilipoileta chini pembeni, gambuti zilitembea mpaka mahali pake, mikono miwili ikaidaka mbele ya upinde, na mvuto wote ukaisha kiunoni mwangu. Sijui niieleze vipi raha ya kupokelewa. Mwili wote unatua.

Baada ya hapo tulikwenda kila siku ambayo upepo ulituruhusu, maana vipindi vyangu shuleni vilikuwa vya mchana na asubuhi nilikuwa huru. Mzee alijifunza upepo haraka kuliko mimi. Alirusha majani makavu hewani, akahamia hatua tatu huku au kule, na gambuti zikisimama mahali, nilijua ukingo wa upepo, pale pa kuiachia tiara, uko hapo. Dakika nne zikawa saba, saba zikawa kumi na mbili. Nyumbani redio ilizungumzia mawingu. Mapafu yake yalipanda kilima cha kurudi nyumbani bila kikohozi, ukiacha kile cha mlangoni. Kwa mara ya kwanza niliyajua mambo yake. Nilijua kwamba ni mvumilivu, kwamba hucheka kwa mabega, na kwamba akifurahi hupiga kisigino kimoja chini mara mbili.

Lakini kuhusu safari mzee hakubadili mawazo. Mwisho wa Agosti uliposogea, mume wangu alimwuliza tena, na mchwa wakajibu tena. Gari likapangwa Jumapili baada ya ibada. Jumamosi asubuhi nilikuta mzee ameshafungua chaga za kitanda chake na kuziegemeza ukutani, na kalenda imeondolewa koridoni. Nilikaa stoo kwa muda, safari hii bila kufukuzwa na kikohozi.

Tulikwenda uwanjani. Upepo ulikuwa mdogo kuliko siku zote, unagusa shavu tu. Mzee aliachia, nami nikaipandisha, namba nane, namba nane, mikono yangu ikifanya kazi bila kunishirikisha. Iliketi. Nilipita dakika kumi na mbili, nikapita ishirini. Mzee alikuwa amekwenda kukaa kwenye gogo lake mbele yangu upande wa chini, na mimi nimeupa upepo mgongo. Nikatambua jambo ambalo mwalimu alipaswa kulitambua mapema. Upepo ulikuwa unatoka kwangu kwenda kwake. Neno lolote nitakalosema litamfikia, na kutoka kwake halitanifikia neno.

Macho yangu yalikuwa juu, kwenye kitambaa, mahali panaporuhusiwa.

"Wewe tiara!" nikasema, kwa ile sauti ya darasa la tatu. "Nisikilize! Siku ile nilisema nimechoka. Ni kweli nilichoka. Lakini sikuchoka na mtu! Nilichoka kukimbia! Mtu mwenyewe sitaki aondoke. Nani kasema aondoke? Kule kuna baridi na hakuna mtu! Nilisema vibaya na ninaomba msamaha, na kama kuna mtu anakwenda kwa ajili ya maneno yangu, basi ananiua!"

Nilikuwa nalia na pua inachuruzika, na huwezi kufuta pua ukiwa na usukani mikononi. Tiara ikaendelea kuchora namba nane bila wasiwasi. Sikushusha macho kumtazama. Hilo nalo lilinigharimu.

Mikono ilipochoka niliileta tiara pembeni. Gambuti zilikuwa zimeshafika. Mikono ikaidaka, na kabla hajailaza, dole gumba likatoka pembeni mwa pazia, likakaa hapo muda mrefu kuliko kawaida. Sikujua lina maana gani. Lingeweza kuwa kwaheri.

Jumapili kirikuu ya kubeba mizigo ilikuja saa tano. Nilikuwa jikoni nachemsha ndizi za safari, dirisha wazi, nikasikia mume wangu na dereva wakipandisha chaga za kitanda. Kisha nikasikia gambuti kwenye kokoto. Mzee alisema na mwanawe Kinyakyusa, ambacho kwa miaka kumi na mmoja nimekisikia vya kutosha.

"Mkeo anajua kurusha."

"Ndiyo, baba."

"Na kuikalisha anajua. Jana ameikalisha kwenye upepo ambao hata jani halitikisiki."

"Ndiyo, baba."

"Wewe Jumamosi unakuwa wapi?"

"Kazini, baba. Mashine za watu."

"Sasa nani atampokea?"

Mume wangu alinyamaza. Nampenda kwa mambo mengi, lakini kwa kunyamaza kule nitampenda mpaka nizikwe.

"Rudisha kitanda," mzee alisema. "Mpe huyu wa gari chai, tumemsumbua. Na huko ndani waambie wasikimbie. Nitakohoa, nitasubiri. Mimi sina haraka ya kwenda popote."

Nilizima jiko. Nililia juu ya ndizi, kisha nikacheka, kisha nikakumbuka chai ya dereva, nikaiweka kwenye trei na kutoka. Nilikuwa nimefika katikati ya korido aliposimama mlangoni akakohoa. Miguu yangu iliruka kuelekea stoo kwa mazoea, nikaizuia. Niligeukia ukuta, trei mikononi, nikatulia. Mzee alisubiri kidogo, kama alivyosema. Kisha alipita nyuma yangu, hatua zake pana na za polepole, karibu kiasi cha kusikia pumzi yake, nayo ilikuwa safi, haina mkwaruzo wowote.